Kuvu Katika Nyumba Zetu, na Namna ya Kuiondoa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wenye nyumba na wapangaji wa Mji wa Kale, Mombasa



Niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mkaaji wa kisiwa hiki analijua, lakini ambalo ni wachache wanaolijali mpaka limekwisha kuwaharibia mali au afya. Nataka kusema juu ya kuvu, ambayo wengine huiita koga au ukungu: yale madoa meusi na ya kijani yatokeayo ukutani wakati wa masika, yale manyoya meupe yaotayo juu ya makubadhi yaliyosahauliwa uvunguni mwa kitanda, na ile harufu ya uvundo itupokeayo tufunguapo kabati la nguo baada ya mvua za mwezi wa Mei.

Neno langu kubwa ni moja tu, nalo ni hili: kuvu ni habari ya maji. Mtu asuguaye doa bila kutafuta maji yanatoka wapi anafanya kazi ya bure, maana doa litarudi mahali pale pale.

Kuvu ni nini?

Kuvu ni kitu chenye uhai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona, nazo huelea hewani mahali pote, katika nyumba ya tajiri na ya maskini, wala hakuna awezaye kuzimaliza. Zikianguka mahali pakavu, hulala tu. Zikianguka mahali penye unyevu, huanza kuota kwa siku moja au mbili, nazo hula mbao, karatasi, ngozi, pamba, hata vumbi lililoshika ukutani. Kwa hiyo kitu kilicholowa kikikaushwa kabla ya siku mbili kupita, kwa kawaida husalimika.

Hapa yafaa niondoe lawama moja. Katika nyumba nyingi doa likitokea, anayelaumiwa ni mama wa nyumba, kwamba hasafishi vizuri. Lawama hiyo si ya haki. Nyumba iliyofagiliwa asubuhi na jioni yaweza kuota kuvu ikiwa paa linavuja, na chumba chenye vumbi chaweza kuwa hakina hata doa moja ikiwa ni kikavu.

Tena tusidhani kwamba ni jambo la kuchukiza macho tu. Vumbi la kuvu huwasha macho na pua, huleta kikohozi, na kwa mwenye pumu huamsha ugonjwa wake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo ukieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na maradhi ya kifua. Na huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili jina lake Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Katika mwaka 2022 afisa achunguzaye sababu za vifo aliamua kwamba mtoto yule alikufa kwa kuvuta kuvu muda mrefu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amepeleka malalamiko tangu miaka mitatu nyuma, akaambiwa apake rangi juu ya madoa. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia unyevu kwa muda uliowekwa, na sehemu hiyo ya sheria hujulikana kwa jina la mtoto huyo. Mabwana wenye nyumba, yatazameni vizuri maneno yale: "paka rangi juu yake." Je, katika mitaa yetu hayajasemwa?

Maji hutoka wapi?

Katika Mji wa Kale maji huingia nyumbani kwa njia tatu.

Ya kwanza ni juu: bati lenye kutu, mfereji wa paa uliojaa majani, au bomba la ghorofa ya juu linalovuja polepole na kumlowesha jirani wa chini.

Ya pili ni chini. Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe lina vitundu vingi sana. Likisimama penye maji huyanyonya kwenda juu, kama vile utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji machafu yakituama kichochoroni chini ya ukuta wako, usistaajabu kuona doa limepanda. Tena chumvi ya bahari iliyomo katika mawe huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana kuta nyingine hulowa hata siku isiyo na mvua.

Ya tatu ni ndani yetu wenyewe. Chungu kinachochemka, maji ya kuoga, nguo zinazoanikwa chumbani, hata pumzi za watu wanaolala, vyote hutoa mvuke. Usipopata njia ya kutoka, mvuke huo hushika pembeni na nyuma ya makabati.

Ukitaka kujua maji yanatoka ukutani au hewani, fanya hivi. Chukua kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa kuziba kando zote, ukiache siku moja au mbili. Umande ukionekana upande unaoelekea ukuta, maji yamo ndani ya ukuta. Ukionekana upande wa chumba, ni mvuke wa hewa.

Chokaa na saruji

Waashi wa zamani wa pwani hii hawakuwa na saruji. Walichoma matumbawe katika tanuu, wakapata chokaa. Wakaizima kwa maji, wakajengea na kupiga lipu. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, nayo ingali imesimama mbele ya bahari. Ukuta wa namna hiyo haukatai maji kabisa. Huyapokea wakati wa mvua, kisha huyatoa polepole upepo unapovuma. Kwa neno moja, hupumua. Tena chokaa mpya ni kali, na kuvu haipendi kuota juu yake.

Leo mwenye nyumba akiona lipu imebomoka huita fundi, naye huipiga saruji na kuipaka rangi ya mafuta. Kwa miezi michache ukuta hupendeza sana. Lakini saruji ni nzito, haipitishi mvuke kama chokaa. Maji yaliyomo ndani hukosa njia, hupanda juu zaidi, kisha hutokea pale saruji ilipoishia. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ianguke. Baya zaidi ni kwamba vichwa vya boriti, vilivyoingizwa ndani ya ukuta, hukaa majini. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ikikaa katika unyevu mwaka baada ya mwaka huoza na kualika mchwa, na boriti ndizo zinazobeba sakafu tunayolala juu yake. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini angalia pia unauziba kwa kitu gani.

Namna ya kuiondoa

Kwanza zuia maji: ziba bati, safisha mfereji, rekebisha bomba, ondoa maji yaliyotuama.

Pili, jikinge. Funga kitambaa safi puani na mdomoni, vaa glavu, fungua madirisha, na uwatoe chumbani watoto, wazee na wenye pumu. Usisugue doa likiwa kavu, maana utazirusha mbegu nyumba nzima. Lilowanishe kwanza.

Tatu, osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi, kisha kausha vizuri. Penye vigae au saruji ngumu waweza kutumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kikombe kimoja katika lita nne za maji, wala isizidi. Lakini shikeni sana onyo hili: dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua mtu katika chumba kidogo.

Nne, ukuta wa matumbawe ukiisha kukauka, upakwe chokaa iliyozimwa. Ikiwa lipu imeharibika, ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke hata kama ni kwa miezi, kisha ipigwe lipu ya chokaa, fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga usio na chumvi. Fundi aangalie macho yake, kwa kuwa chokaa huunguza.

Magodoro, mikeka na nguo zitolewe juani. Godoro ambalo kuvu imeingia mpaka ndani halifai tena, hasa kwa mtoto. Vitabu vikaushwe kivulini penye upepo, visiegemezwe kwenye ukuta wa nje.

Na juu ya udi na ubani, sisemi msifukize. Ni desturi njema yenye kuburudisha nyumba. Lakini moshi wa udi huifunika harufu tu, hauiondoi kuvu.

Namna ya kuizuia

Tufuate majira yetu. Januari na Februari, Kaskazi inapovuma na mvua ni chache, ndio wakati wa kazi za ukuta. Mwezi wa Machi, kabla ya masika, kagua paa na mifereji. Wakati wa mvua vuta makabati shubiri moja kutoka ukutani, pika na kuoga madirisha yakiwa wazi, na kila linapotoka jua anika nguo nje. Wazee walitujengea madirisha makubwa na ua wa ndani ili upepo upite. Tukiyaziba kwa mbao tupate chumba kimoja zaidi cha kupangisha, tunaipata kodi na kuvu pamoja. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, yafaa kutaka shauri la ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kubadili ukuta.

Msisahau ghala. Mwaka 2004, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Basi mahindi, unga na njugu ziwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta, na zilizoota kuvu zitupwe bila huruma.

Mabibi na Mabwana, mpangaji husugua, mwenye nyumba hupaka rangi, jirani wa juu huacha bomba livuje, na kila mmoja hutoa fedha zake peke yake. Maji hayajui mpaka kati ya chumba na chumba, wala kati ya nyumba na nyumba. Afadhali wote watatu wapande paani pamoja siku moja ya Machi, watazame mfereji mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya daktari, na ndogo sana kuliko ya sakafu iliyoanguka.