Rufaa Isiyo na Mrejesho: Muuguzi wa Zahanati na Mgonjwa Anayerudi Kimya Kimya

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wauguzi na wakunga wa wilaya



1. Utangulizi

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uuguzi na huduma za afya katika jamii, kwa dakika 20. Huduma ya afya ya msingi tumeikariri tangu chuoni: Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, kinga kabla ya tiba, huduma iwe karibu na wananchi nao washiriki. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya taifa, hizo nazo mnazijua. Rufaa ni kumpeleka mgonjwa kwenye ngazi yenye uwezo ambao wewe huna. Sitawachosha kwa hayo. Nimekuja kusemea safari ya mgonjwa ya kurudi.

2. Hali halisi

Safari ya kwenda imekuwa nafuu, tuseme haki. Tangu mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama uzinduliwe kitaifa mwaka 2022, mkunga anapiga 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huo ulionyesha asilimia 81 ya kina mama wanajifungulia vituoni, kutoka 63 mwaka 2015/16, na vifo vya uzazi vikashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kazi imefanyika.

Sasa nisimulie kisa kimoja. Nikiwa zahanati, nilipokea mama wa mimba ya kwanza, wiki 36. Presha 170/110, protini kwenye mkojo, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Nilimpa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kwenye fomu ya rufaa niliandika dozi na saa, ili atakayempokea asirudie. Gari liliondoka saa nne usiku.

Siku ya tisa nikamwona anapita barabarani nyuma ya bodaboda, mtoto kifuani. Nilimwita. Alifungua pindo la kanga, akatoa vidonge vya aina mbili, aina moja ikiwa kwenye karatasi isiyo na jina la dawa. Anameza vipi? "Asubuhi na jioni." Hadi lini? "Hawakusema, dada. Au walisema, sikushika." Karatasi ya ruhusa iko wapi? "Ilibaki kwenye faili." Nikapima: 150/100. Nimeshika kitabu cha 13 cha MTUHA, rejista ya mama baada ya kujifungua, na sijui niandike nini. Alipata degedege au hakupata? Presha ilikuwaje siku anaruhusiwa? Kifafa cha mimba huweza kumshika mama hata baada ya kujifungua, na aliyetakiwa kumfuatilia nilikuwa mimi.

Nilipiga simu wodini alikolazwa. Mwenzangu wa zamu akaniuliza mgonjwa wangu alikuwa kitanda namba ngapi.

Sisemi haya kumnyooshea mtu kidole. Nimefanya zamu za usiku wodi ya wazazi, mmoja kwa wodi nzima, najua. Lakini sehemu ya majibu kwenye fomu ya rufaa ilikuwa mistari mitano! Kwa miaka yote niliyokaa zahanati, mirejesho iliyonifikia inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wodini tunajiambia kwamba anayeruhusu ni daktari, hivyo majibu ni yake. Daktari anadhani muuguzi ameandika. Fomu inalala kwenye faili. Na hakuna anayeuliza. Katika ziara za usimamizi shirikishi nimeulizwa mara nyingi rufaa ngapi nimetoa. Sijawahi kuulizwa ngapi zimejibiwa.

Ni hivyohivyo kwa mtoto njiti aliyetoka kwenye huduma ya kangaruu, kwa mgonjwa wa kisukari, kwa wa kifua kikuu aliyeanzishiwa dawa za miezi 6 mjini akarudi kijijini. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapita nyumba kwa nyumba bila kujua mlango upi abishe kwanza. Kisha wagonjwa hao tunawaita watoro.

3. Mapendekezo

Kwanza, mrejesho uwe kazi ya muuguzi anayemruhusu mgonjwa, na itamkwe hivyo kwenye majukumu ya zamu. Pili, mgonjwa wa rufaa asitoke wodini bila karatasi mkononi: amekutwa na nini, amefanyiwa nini, dawa gani hadi lini, arudi lini. Mkononi, si kwenye faili. Tatu, pakiti ya dawa iandikwe jina. Naona aibu kulipendekeza hili mbele ya wataalamu. Nne, kila wodi iwe na simu ya zamu ambayo zahanati inaijua, na mgonjwa atafutwe kwa jina na kijiji. Tano, zahanati nazo ziandike rufaa zinazosomeka. Nimepokea fomu iliyosema "mgonjwa anaumwa". Sita, timu ya usimamizi ya wilaya iulize idadi ya mirejesho kama inavyouliza idadi ya rufaa. Saba, mirejesho ijadiliwe kwenye vikao vya kila mwezi, tusisubiri kikao cha kujadili kifo. Nane, mhudumu wa jamii apewe taarifa ndani ya wiki ileile, kwa kulinda siri za mgonjwa. Tisa, narudia la kwanza, maana ndilo huwa linapotea tukishatoka ukumbini: mrejesho ni kazi ya muuguzi.

Kuna boksi karibu na mlango, lina vitabu vya fomu za mrejesho ambavyo ofisi ya Muuguzi Mkuu wa Wilaya imekubali tuvijaribu kwa miezi 3. Waliotoka wodi ya wazazi, ya watoto na kliniki ya kifua kikuu, naomba kila mmoja achukue kimoja kabla ya chai, na asaini.