UCHUNGU WA MZAZI NA USALAMA WA MTOTO SAFARINI

(Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wananchi wa Kata ya Sibwesa, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi)



Katika misiba inayotokana na barabara husikika mara nyingi kauli moja: "Ajali haina kinga." Husemwa kwa nia njema, ili kumfariji mfiwa. Lakini ikisemwa kabla ya safari, kauli hiyo hiyo hugeuka kuwa ruhusa: ruhusa ya kumkalisha mtoto juu ya tangi la mafuta, ruhusa ya kumpakata katika kiti cha mbele cha gari, ruhusa ya kubeba mishikaki. Mzazi anayeikataa ruhusa hiyo huitwa mwoga, mkorofi au mwenye maringo.

Mada hii inamtetea mzazi huyo. Hoja yake ni moja: uchungu anaouhisi mzazi juu ya mtoto wake safarini una msingi wa kweli, na wajibu wa jamii ni kuugeuza kuwa utaratibu badala ya kuunyamazisha.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inaeleza kuwa takribani watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mzazi anayeogopa barabara kama anavyoogopa malaria haogopi kivuli chake.

MWENDO NI KIMO

Ndugu wananchi, hakuna mzazi wa Sibwesa atakayemwacha mtoto wake wa miaka minne juu ya tawi la mwembe mrefu kisha aende zake. Kimo kinaonekana kwa macho, na moyo hukataa. Mwendo kasi hauonekani hivyo, ingawa madhara yake yanaweza kupimwa kwa kimo.

Mtu anayegonga kitu kigumu akiwa katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupata kishindo sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi. Katika kilomita 30 kwa saa, kimo hicho ni takribani mita 3.5. Katika kilomita 40 ni zaidi ya mita 6. Katika kilomita 50, kimo kinakaribia mita 10. Mwendo ukiongezeka maradufu, kimo huongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 20 amempunguzia mtoto robo tatu ya kimo cha kuangukia.

Mzazi anapomwambia dereva, "Mwanangu, nenda polepole," jibu la kawaida ni, "Mama, usiogope, barabara hii naijua." Huenda ni kweli anaijua. Lakini ng'ombe atakayekatiza mbele yake hamjui, wala shimo lililochimbwa na mvua ya jana usiku hajaliona. Mwendo mdogo ni akiba kwa ajili ya yale ambayo hata dereva hodari hayajui.

MIKONO YA MZAZI HAITOSHI

Wapo wazazi wanaoamini kuwa mtoto aliyepakatwa yuko salama kuliko mahali pengine popote. Ni imani inayotokana na upendo, lakini hesabu haikubaliani nayo. Chukua mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kumzuia mtoto huyo asirushwe kunahitaji nguvu sawa na kubeba takribani kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja, kwa mara moja na bila kujiandaa. Hakuna mikono yenye nguvu hiyo. Na ikiwa mzazi mwenyewe hajafunga mkanda, uzito wake wote humwangukia mtoto aliyekusudia kumlinda. Kumfunga mtoto pamoja na mzazi katika mkanda mmoja nako ni hatari, kwa kuwa mwili wa mtu mzima humbana mtoto dhidi ya mkanda.

Jambo hili liligombaniwa nchini Marekani karibu nusu karne iliyopita. Katika jimbo la Tennessee, daktari wa watoto aliyeitwa Robert Sanders, aliyekuwa mkuu wa huduma za afya wa kaunti ya Rutherford, alichoshwa na vifo vya watoto wadogo ndani ya magari. Alishirikiana na madaktari wenzake kuwashawishi wabunge wa jimbo, na mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya kumtaka mzazi amweke mtoto mdogo katika kiti maalumu. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1978, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Hata hivyo wabunge waliingiza kifungu kilichoruhusu mtoto apakatwe badala ya kuwekwa katika kiti. Dkt. Sanders alikiita kifungu hicho kwa jina lenye maana ya "kiponda watoto", akaendelea kukipinga mpaka kikafutwa mwaka 1981. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya kumlinda mtoto ndani ya gari.

Habari hii inafaa kukumbukwa hapa Sibwesa kwa sababu haikuanzia ikulu. Ilianza kwa mtumishi wa afya wa ngazi inayolingana na wilaya, aliyekataa kusema kuwa ajali haina kinga.

KITI CHA MTOTO NA MKANDA

Kiti cha mtoto cha gari ni kiti kidogo kinachofungwa imara juu ya kiti cha kawaida, chenye mikanda yake inayopita mabegani na kiunoni mwa mtoto. Kwa mtoto mchanga, kiti hicho huelekezwa nyuma ya gari ili kishindo kisambae mgongoni, maana shingo yake bado ni laini na kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili. Kwa mujibu wa WHO, vifaa vya aina hii vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa asilimia 71.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilipotungwa mwaka 1973 haikuweka sharti la kiti maalumu cha mtoto. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya mambo yanayohatarisha mwili wake. Kwa hiyo mzazi hahitaji kusubiri sharti jingine ndipo achukue tahadhari.

Ni kweli kwamba familia nyingi za kata hii hazina gari, na kiti cha mtoto ni kifaa cha gharama. Mwenye gari na mwenye uwezo anashauriwa kukinunua. Akinunua cha mtumba, ahakikishe hakina ufa, mikanda yake haijachanika, na hakikutoka katika gari lililopata ajali. Asiye na kiti bado anayo mambo ya kufanya. Mtoto akae kiti cha nyuma, si cha mbele. Mtoto aliyekua vya kutosha afungwe mkanda wake peke yake, upite juu ya nyonga na katikati ya bega, usipite tumboni wala shingoni. Asipakiwe nyuma ya gari la mizigo, juu ya magunia, hata kama safari ni fupi.

PIKIPIKI, SHERIA NA USIKU WA HOMA

Kwa wakazi wengi gari la mtoto ni pikipiki, na hapo ndipo uchungu wa mzazi huwa mkubwa zaidi. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zinakataza pikipiki ya abiria kumbeba mtoto mwenye umri chini ya miaka tisa. Dereva anayemkataa mtoto wa miaka mitano anayepelekwa shule anafuata kanuni, na hastahili kuonekana mwenye dharau.

Lakini upo usiku ambao mtoto anashikwa na degedege, zahanati iko mbali, na chombo pekee kilichopo ni pikipiki ya jirani. Si haki kumsimanga mama wa usiku huo. Anayemtukana anamfunza kuficha, na kinachofichwa hakirekebishwi. Linalopasa kusemwa kwa uwazi ni kwamba hakuna namna iliyo salama ya kumpakia mtoto mdogo kwenye pikipiki. Zipo hatari kubwa, na zipo hatari kubwa zaidi. Pale ambapo kuokoa maisha hakuna njia nyingine, mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mtoto asikae mbele ya dereva juu ya tangi. Hapo hana cha kumzuia, na dereva hawezi kuendesha na kumshika kwa wakati mmoja.

2. Awepo mtu mzima mmoja tu wa kumshika mtoto, bila abiria mwingine na bila mzigo.

3. Miguu ya mtoto iwe mbali na spoku za gurudumu na bomba la moshi. Ncha za kanga au kitenge zikunjwe zisifike kwenye gurudumu wala mnyororo.

4. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, na taa iwashwe.

5. Dereva na mzazi wavae kofia ngumu zilizofungwa kidevuni. WHO inaeleza kuwa kofia ngumu ikitumiwa ipasavyo hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Kofia ya mtu mzima inayozunguka kichwani mwa mtoto haimkingi, na kichwa cha mtoto mchanga hakina kofia ya kukitosha.

Aidha, kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wa hadi siku 28, Serikali ina mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama, ambao hupatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo. Namba hii iandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mjamzito, kabla ya siku ya kuihitaji.

KUTOKA UCHUNGU HADI UTARATIBU

Mzazi mmoja akikataa mishikaki huonekana mkorofi. Wazazi hamsini wakikataa, mishikaki hukosa abiria. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pa kuyafikisha haya. Wananchi wanaweza kupendekeza yafuatayo:

Kwanza, vijiwe vya bodaboda vikubaliane na wazazi kuhusu madereva wa kuitwa usiku kwa dharura za watoto: wenye leseni, wasiotumia kilevi, na wanaokubali mwendo mdogo. Namba zao zibandikwe zahanati na ofisi ya Kijiji.

Pili, kamati za shule zipange watoto wanaokaa njia moja watembee kwa makundi wakiongozwa na mtu mzima, ili mtoto wa miaka sita asitegemee pikipiki. Jijini Dar es Salaam, mradi uliojenga njia za waenda kwa miguu, vivuko na matuta kuzunguka shule za msingi ulipunguza majeruhi miongoni mwa wanafunzi kwa takribani robo, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa. Vifaa vyake havikuwa vya ajabu: zege, alama, rangi na maelekezo kwa watoto.

Tatu, Halmashauri ya Kijiji ipokee mapendekezo kuhusu sehemu za kupunguza mwendo, hasa karibu na shule, zahanati na minada, na iyawasilishe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale inapohitajika sheria ndogo, utaratibu wa kuitunga na kuiwasilisha Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe upo, na Mtendaji wa Kijiji ndiye wa kuulizwa.

Nne, akina baba wasiwaachie akina mama peke yao kazi ya kusema "hapana". Dereva kijana humsikiliza upesi mzee anayemheshimu. Baba akisema mbele ya kijiwe kwamba mtoto wake hapandi tangi, mama hatalazimika kulisema hilo kwa machozi.

Ndugu wananchi, ni kweli kuwa hakuna ajuaye siku ya ajali. Lakini mahali atakapokuwa mtoto siku hiyo, mwendo wa chombo alichopanda na kilichomshikilia ni mambo yanayoamuliwa kabla ya safari, na wanaoyaamua ni watu wazima. Mzazi atakayesimama kesho kijiweni na kusema, "Tutasubiri pikipiki nyingine," asichekwe. Apishwe nafasi kivulini, asubiri.