Tarumbeta Lina Spea, Midomo Haina

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wapiga tarumbeta wa kijiji)



Leo tuzungumze habari ya sauti za juu. Hapa Tanzania makanisa mengi ya Kilutheri na Kimoraviani yana bendi za matarumbeta. Bendi hizo hupiga ibadani, msibani na kwenye arusi. Asubuhi sauti hupanda vizuri. Ikifika jioni, mpigaji anaitafuta sauti ya juu, haipo. Midomo imevimba. Mwingine anatoka damu. Watu husema, "Huyu hana nguvu." Sivyo. Nguvu anazo, ila anazitia mahali pabaya.

Tarumbeta halilii lenyewe. Tukipuliza, midomo hutetemeka. Kwa ile sauti ya kati ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo, midomo hutetemeka mara 440 kwa sekunde moja. Ukipanda oktavo moja, ni mara 880. Kazi hiyo hutegemea sana misuli midogo ya kuzunguka mdomo.

Misuli hulishwa na damu. Mtu akichoka hulikandamiza tarumbeta mdomoni. Sauti hupanda kidogo, lakini damu haipiti vizuri. Ni sawa na kuziba mfereji, halafu ukalaumu mahindi kwa kunyauka.

Louis Armstrong wa Marekani (1901–1971) alisifika duniani kote kwa sauti za juu. Mwaka 1960 alipiga hata Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Lakini katika miaka ya 1930 midomo yake iliumia, ikambidi apumzike kwa miezi. Madaktari wameyapa madhara ya kupasuka msuli wa mdomo jina lake la utani, Satchmo. Ikiwa bingwa aliumia, sisi je?

Basi tufanye hivi:

1. Anza na sauti za chini, ndefu na za polepole.

2. Panda ngazi moja moja. Kaza pembe za mdomo, sukuma pumzi kutoka tumboni. Usikandamize.

3. Piga kidogo, pumzika kidogo. Asiye na saa ampokeze mwenzake. Huyo akimaliza wimbo, naye apokee.

4. Dakika 20 kila siku zinajenga kuliko saa 3 za Jumamosi peke yake.

5. Uchovu ni kawaida. Maumivu ni onyo. Ukiumia, weka chini.

Kwenye arusi, sauti ya juu isibebwe na mtu mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Gawaneni nyimbo. Nanyi viongozi, msimcheke kijana anayeshusha tarumbeta. Mkimcheka leo atajikaza, na mwakani hamtakuwa naye.

Kila mmoja aandike katika daftari lake dakika alizopiga na dakika alizopumzika. Mwisho wa mwezi tutasomeana. Tarumbeta likitoboka, fundi atalichomelea. Mdomo hauchomelewi.