Betri Hupimwa kwa Mzigo

Leo tutaongea juu ya kitu ambacho watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapokataa kazi. Kitu hicho ni betri ya gari.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, betri nayo ni jambo la kuongelewa redioni asubuhi?" Ndiyo, ndugu, ni jambo. Mwenye teksi wa Kangemi ambaye gari lake limekataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri amempoteza abiria wake wa kwanza, na pengine karo ya mtoto imepungua siku hiyo. Mama anayemkimbiza mgonjwa usiku kutoka Kawangware kwenda Hospitali ya Kenyatta hana nafasi ya kutafuta watu wa kumsukumia gari. Tena betri mpya hugharimu maelfu ya shilingi. Mtu asiyejua hununua kwa haraka, akalipa, akaenda zake akishukuru, na juma la pili gari likakataa tena. Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: tusinunue kabla ya kupima, na tusipime kwa macho.

Kwanza na tuelewe betri ni nini. Ndani ya sanduku lile mna vyumba sita, na katika kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika asidi iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti mbili na kidogo, na vyote sita vikishikana hutoa volti kama 12.6. Mfaransa Gaston Planté aliibuni betri ya namna hii mwaka 1859, na hata leo magari yetu mengi huwashwa kwa njia ile ile. Kazi yake ni fupi lakini nzito: huizungusha stata kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo hubeba mzigo wa taa na redio, na ndiyo huirudishia betri kile ilichotoa.

Basi gari linapokataa kuwaka, tusiihukumu betri kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Tufungue boneti tutazame vile vichwa viwili vya risasi ambavyo mafundi huviita tamino. Je, waya zimelegea? Je, pameota unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia stima kupita, na betri nzima huonekana kama maiti. Huoshwa kwa maji yenye magadi ya kuokea, tamino zikasuguliwa mpaka zing'ae, waya zikakazwa, kisha pakapakwa grisi kidogo. Watu wengi wamenunua betri mpya ambao haja yao ilikuwa spana na kitambaa tu.

Shahidi wa pili ni altaneta. Injini ikiwa inanguruma, weka mita kwenye tamino mbili za betri. Katika magari mengi itasoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Ikibaki kwenye 12 na kushuka polepole, mkosa ni altaneta au mkanda wake, na betri yoyote mtakayoiweka hapo itakufa njaa, hata iwe ya bei gani.

Shahidi wa tatu ni mwizi wa usiku. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, stima inayotoka kwenye betri haipaswi kupita milliampea 50 hivi. Lakini king'ora kilichofungwa vibaya, au taa ndogo ya buti isiyozimika, hunyonya kidogo kidogo, na asubuhi hamna kitu. Fundi mwenye mita atamkamata mwizi huyo kwa kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine.

Na shahidi wa nne ni mwendo wetu wenyewe. Gari linalotoka Lavington mpaka Westlands asubuhi, likasimama katika msongamano wa Waiyaki Way huku taa, feni na wipa zote zinakula stima, halipati muda wa kuirudishia betri mkopo wake. Tena wako wenye magari ambayo hutoka Jumapili tu kwenda ibadani na kurudi, kilomita tatu au nne. Hao ndio tunaowaona baada ya ibada wakiomba vijana wa kwaya wasukume. Gari la namna hiyo lahitaji kutembezwa nusu saa au zaidi bila kusimamasimama, au betri yake iwekwe kwenye chaja mara kwa mara.

Tunaambiwa pia kwamba baridi ya Julai huua betri. Ni kweli kwamba asubuhi ambapo ukungu umefunika Kinoo na Uthiru, oili huwa nzito na nguvu ya betri hupungua. Lakini baridi haiui, hufichua tu. Adui mkubwa wa betri ni joto, na ndiyo sababu betri ya Nairobi kwa kawaida huishi kuliko ya Mombasa.

Haya, tumewasikiliza mashahidi, na betri ingali inashukiwa. Sasa tuipime. Kwanza ipumzike saa kadhaa, au usiku kucha, kwa maana betri iliyotoka safarini au kwenye chaja husema uongo. Kisha mita iwekwe. Ikisoma 12.6 imejaa. Ikisoma 12.4 ina robo tatu. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Ikiwa betri ina vifuniko vya kufungua, fundi atatumia haidromita kuupima uzito wa asidi katika kila chumba. Iliyojaa husoma kama 1.265, na iliyokwisha husoma 1.120 au chini yake. Chumba kimoja kikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, chumba hicho kimekufa, na betri nzima imekufa pamoja nacho.

Lakini sikilizeni neno hili, kwa maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Volti za betri iliyopumzika hazitoshi. Betri iliyochoka yaweza kusoma 12.6 ikiwa imekaa kimya, na stata inapoguswa ikaanguka mpaka 8. Hivyo yatupasa kuipima chini ya mzigo. Nyumbani, mmoja atazame mita na mwenzake awashe gari: volti zisishuke chini ya 9.6. Katika duka lenye kifaa cha kupimia, betri iliyochajiwa hubebeshwa nusu ya nguvu yake ya kuwashia, ile iliyoandikwa kwa ampea, kwa sekunde 15, na tena isishuke chini ya 9.6. Ikifaulu, irudishe garini na uhifadhi fedha zako. Isipofaulu baada ya kuchajiwa vizuri, imemaliza kazi yake.

Je, si ndivyo tulivyo na sisi? Mtu aliyeketi bila shughuli huonekana mzima, na maneno yake ni mazuri. Hatumjui mpaka siku jirani amefiwa, au siku kodi ya nyumba imechelewa. Mzigo ndio usemao kweli.

Sasa twende mjini kununua. Wengi wetu tutashuka mpaka Kirinyaga Road, ambako wazee wangali wanakuita Grogan, kwa jina la zamani la barabara hiyo. Maduka ya spea yamepangana bega kwa bega, na kila mmoja anakuita "mteja wangu." Tusiende na mikono mitupu. Tuende na betri kuukuu, au na maandishi yake kwenye karatasi, au na kitabu cha gari.

Tutazame mambo manne. La kwanza ni ukubwa wa sanduku. Magari yetu mengi yametoka Japani, na betri zake huandikwa mfano wa 46B24L. Hiyo 24 ni urefu wa sanduku kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande ambao tamino zimekaa. Ukichukua R mahali pa L, waya hazitafika, na atakayezilazimisha aweza kuzigeuza na kuunguza vyombo vya gari. La pili ni unene wa tamino, kwa maana ziko nyembamba na ziko nene. Kukaza waya pana kwa msumari au kipande cha bati ni kujitafutia shida njiani. La tatu ni nguvu: isipungue ile iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari. Na gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha tena lina betri yake maalumu. Ya kawaida itachakaa upesi humo.

La nne ni umri. Betri iliyokaa rafuni bila kuchajiwa huzeeka ingawa haijafanya kazi hata siku moja. Tuulize ilitengenezwa lini. Tuombe ipimwe mbele yetu, kwanza ikiwa imetulia, kisha kwa mzigo. Ikisoma chini ya 12.4, mwenye duka aichaji au atupe nyingine. Mwenye duka mwaminifu hachukii kuombwa mita; anayechukia amekwisha kutujibu. Tujihadhari na betri kuukuu iliyopakwa rangi na kubandikwa karatasi mpya. Tena tusiondoke bila risiti yenye tarehe na dhamana iliyopigwa muhuri. Rahisi huenda ikawa ghali, na dhamana ya mdomo haina mlango wa kubisha.

Katika kuifunga, waya ya hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Kwa nini? Kwa sababu spana ikigusa bodi huku hasi ingali imefungwa, cheche huruka. Kisha betri ifungwe imara kwa chuma chake. Barabara zenye mashimo huitikisa, na sahani za ndani huvunjika bila mtu kuona.

Kuhusu kuchaji, neno kuu ni polepole. Betri ya ampea-saa 45 yapasa kupewa ampea 4 au 5, yaani kama sehemu moja ya kumi, na ikiwa imekwisha kabisa itahitaji saa 10 au 12, au hata zaidi. Anayetaka kuijaza kwa saa moja huipika. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo isichajiwe katika chumba cha kulala, wala karibu na jiko la makaa, wala mtu asiwashe sigara hapo. Chaja izimwe kwanza ndipo waya ziguswe. Vivyo hivyo tunapoazima nguvu ya gari la jirani: waya ya hasi ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Asidi ikiruka machoni, oshwa kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha daktari.

Betri yenye vifuniko huongezwa maji safi ya betri tu, yafunike sahani. Maji ya mfereji yana chumvi, na kuongeza asidi ni kuiharibu. Wala tusiiache ikiwa imekwisha kwa majuma mengi, kwa maana ndani yake huganda fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena.

Limebaki jambo moja, nalo si dogo. Betri kuukuu huenda wapi? Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mto Nairobi unapita chini tu ya Kirinyaga Road. Asidi inayomwagwa mtaroni huishia humo, na watu walio chini ya mto hunywesha mboga kwa maji hayo. Na kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa bega kwa bega na nyumba za watu, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, alianza kuuliza baada ya mwanawe mwenyewe kuugua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha hizo haziwezi kuirudisha afya ya mtoto aliyekwisha kudhurika.

Basi tusiyeyushe risasi uani, tusimpe mtoto betri achezee, wala tusimuuzie mtu atakayeipasua kwa nyundo kando ya njia. Tuirudishe dukani tunaponunua mpya. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei, kwa kuwa risasi ile hufanywa betri nyingine.

Wapenzi wasikilizaji, jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, fungueni boneti mtazame. Kazeni kilicholegea, safisheni kilichoota unga, na yule jirani mwenye mita aombwe dakika tano. Pengine kesho alfajiri kutakuwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, na gari litakalohitajiwa ni lenu. Tunawatakia siku njema na safari ya salama.