Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wadudu na Wanyama Wanaolinda Bustani za Mwambao

Mada kwa wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Victoria, Mkoa wa Mwanza



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bustani ya mboga wageni huingia bila kubisha hodi. Yumo anayekuja kula mchicha, na yumo anayekuja kumla yule mla mchicha. Mkulima asiyewatofautisha huwaua wote kwa bomba moja la dawa, kisha baada ya muda mfupi hustaajabu kuona adui amerejea kwa wingi kuliko awali. Mada hii inamhusu mgeni wa pili, yule aletaye uponyaji: namna ya kumtambua, kumkaribisha na kumfanya akae.

Kwa nini adui hurudi kwanza

Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hukaa chini ya majani ya kabichi, sukuma wiki na bamia wakifyonza utomvu. Jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na watoto hao hukomaa katika muda wa juma moja hivi. Walinzi wanaowala huzaa polepole zaidi, tena hawawezi kuongezeka kabla chakula chao hakijaongezeka. Kwa hiyo dawa iuayo kila kidudu huwaondoa adui na mlinzi kwa siku moja, lakini adui ndiye anayetangulia kurudi, naye hulikuta shamba halina askari. Mkulima hulazimika kunyunyizia tena, na tena.

Aidha, wadudu wachache wanaosalimika huzaa kizazi kinachoistahimili sumu ileile. Kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ni mfano mchungu wa jambo hilo. Amekwisha kuzoea aina nyingi za viuatilifu, na kiwavi wake hula akiwa amejificha ndani ya jani, mahali ambapo dawa haimfikii kwa urahisi.

Kwa mkazi wa mwambao, gharama haiishii dukani. Bustani nyingi zimo mabondeni na kando ya vijito viendavyo ziwani. Mvua inyeshapo, kilichonyunyiziwa juu ya jani huoshwa na kuteremka. Maji hayohayo ndiyo yanayochotwa, na humo ndimo anamovuliwa sato, sangara na dagaa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya viuatilifu, kufuatia habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Pigo hilo liliwafikia wavuvi na viwanda vya minofu katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Sumu ile ilitiwa majini kwa makusudi, ilhali ya bustanini huingia kwa uzembe. Lakini samaki hapambanui nia ya mtu.

Kuwatambua walinzi

Mlinzi wa kwanza ni mbawakavu mdogo wa duara mwenye mgongo mwekundu au wa rangi ya machungwa, wenye madoa meusi. Watoto humchezea viganjani kwa uzuri wake. Mtoto wa mdudu huyo, hata hivyo, hafanani na mzazi hata kidogo: ni mweusi, mrefu, mwenye miguu sita na ngozi iliyokwaruza, mithili ya mamba mdogo. Wakulima wengi humponda wakimdhania kuwa adui, kumbe yeye peke yake hula mamia ya vidukari kabla hajakomaa. Angalizo ni kwamba wapo ndugu zake wanaokula majani ya bilinganya na maboga. Jibu hupatikana kwa kutazama: anayeonekana katikati ya vidukari ni rafiki, na anayeacha jani limechunika mithili ya wavu ni mharibifu.

Mlinzi wa pili ni nzi mwembamba mwenye mistari ya njano na nyeusi, aeleaye hewani mbele ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Yeye mwenyewe hunywa asali ya maua, lakini funza wake hula vidukari.

Wa tatu ni nyigu wadogo, wengine wadogo kuliko sisimizi, wasiomuuma mtu. Jike hutaga yai ndani ya kidukari au kiwavi, na mtoto wake humla adui huyo kutoka ndani. Dalili zake ziko wazi kwa mwenye macho. Kidukari aliyevimba, mkavu, wa rangi ya kahawia kama karatasi, ambaye mgongoni ana tundu la mviringo, ni ganda ambamo nyigu amekwisha kutoka. Vivyo hivyo, kiwavi aliyezungukwa na vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele amekwisha kushindwa. Kuwapulizia dawa hao ni kuwaua walinzi wakiwa bado watotoni.

Pamoja na hao wapo buibui, vunjajungu na kerengende. Chura hutoka usiku kula mbawakavu na konokono wasio na gamba. Popo wadogo huwala nondo wanapokuja kutaga mayai gizani. Juu ya mawe makubwa ya Mwanza huota jua mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu. Wataalamu humwita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu, naye chakula chake ni wadudu. Bundi naye amepewa jina baya kwa sababu ya sauti yake, na mara nyingi hupigwa mawe. Kila usiku, hata hivyo, bundi huyo huwinda panya, mla mahindi mashambani na ghalani. Anayetega sumu ya panya humuua pia bundi atakayemla panya yule.

Yaliyokwisha kuthibitika kandokando ya ziwa

Kazi ya namna hii si ngeni katika kanda hii. Gugumaji lilipoenea ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilifunga mialo na kuzuia mitumbwi. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa katika nchi zote tatu ni kufuga na kuachilia mbawakavu wawili wa jamii ya fukusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe, ambao chakula chao ni gugumaji. Matokeo hayakuonekana kwa juma wala kwa mwezi. Ilichukua miaka, na mvua kubwa na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 zilichangia. Lakini gugu lilipungua sana. Kwa kuwa halikwisha kabisa, ni dhahiri kwamba mlinzi hupunguza adui hadi kiwango cha kuvumilika, wala hamfuti.

Upande wa mashariki wa ziwa, huko Mbita nchini Kenya, watafiti wa kituo cha ICIPE na wenzao walibuni katika miaka ya 1990 kilimo kiitwacho sukuma-vuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake humfukuza nondo wa funza wa mabua na papo hapo huwaita nyigu wanaomshambulia. Kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo, yanayomvuta nondo akatage huko, ambako watoto wake wengi hufa. Desmodiamu huzuia pia kiduha, gugu linalojulikana vema kwa wakulima wa mahindi na mtama wa Usukumani. Mwishowe vyote viwili ni malisho ya ng'ombe.

Jirani zaidi, wilayani Meatu katika Mkoa wa Simiyu, kilimo cha pamba hai kilianza mwaka 1994. Wakulima wake hupanda alizeti pamoja na pamba ili funza wa vitumba avutwe na alizeti, na wadudu walinzi wapate mahali pa kula na kukaa.

Kuwakaribisha na kuwaweka

Mlinzi anahitaji vitu vitatu: chakula wakati adui hayupo, maji, na makazi.

Chakula ni maua madogo, kwa kuwa midomo ya nyigu na nzi hao ni mifupi. Giligilani, karoti na shamari zikiachwa chache zichanue pembeni mwa tuta, hutosha kuanzia. Kivumbasi, mbaazi na alizeti huongeza. Muhimu ni kupanda kwa awamu, ili mwezi huu ukipita bila ua moja kuwapo, jingine liwe limefunguka.

Maji huwekwa katika sahani yenye kina kifupi, ndani yake kukiwa na vijiwe vya kutulia wadudu wasizame. Yabadilishwe kila baada ya siku mbili, kwani maji yaliyotuama huzaa mbu, na Kanda ya Ziwa haina haja ya malaria zaidi.

Makazi ni kichaka kidogo, rundo la mawe, matandazo ya nyasi kavu na miti yenye mashimo. Kufyeka na kuchoma kila kona ni kuwafukuza walinzi. Rundo la mawe liwe mbali na mlango wa nyumba, maana nyoka nao hulipenda. Na nyoka akionekana aachwe apite, asikamatwe kwa mkono.

Hapa ndipo sheria na bustani zinapokutana. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Wapo wanaoliona eneo hilo kuwa ardhi iliyopotea. Kumbe matete na vichaka vyake ndiyo kambi ya walinzi wa bustani zilizo nyuma yake, na ndiyo chujio la maji yaendayo ziwani. Anayelima hadi ukingoni huvunja sheria, na papo hapo hubomoa kambi ya askari wake mwenyewe.

Dawa inapolazimu

Yapo mashambulizi ambayo walinzi hawayawezi kwa wakati. Hapo dawa iwe hatua ya mwisho, na iwe ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mkulima akague mimea mara mbili kwa juma akigeuza majani, anyunyizie sehemu iliyoshambuliwa tu, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na azingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko. Bomba kamwe lisioshwe ziwani wala kijitoni.

Mwenye mashaka ana njia rahisi ya kujiridhisha. Atenge matuta mawili ya mboga aina moja, yaliyo mbalimbali. La kwanza alihudumie kama alivyozoea. La pili alizungushie giligilani na alizeti zitakazochanua, bila kulinyunyizia. Msimu ukiisha, ahesabu mavuno ya kila tuta na fedha iliyotumika. Pengine tuta la pili litatoa majani yenye matundu machache zaidi ya yale ya jirani yake. Lakini hesabu ya fukoni ndiyo itakayoamua, na Afisa Ugani wa kata yupo kusaidia kuipiga.