Mwenzako Akizomewa, Usinyamaze

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, kama una mtoto wa shule ya msingi hapo karibu, mwite asikilize.

Mtoto, umewahi kuona mwenzako akizomewa? Labda sare yake imechanika. Labda Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyambo. Labda ana ualbino, au anachechemea. Wawili wanamcheka, wengine wote wanatazama tu. Leo nasema na ninyi mnaotazama. Anayezomea hupata nguvu kwa watazamaji. Ukinyamaza, anadhani umekubali.

Basi usinyamaze. Nenda ukasimame karibu na mwenzako. Mwite kwa jina lake. Mwambie, "Twende tukacheze." Ondokeni pamoja. Usipigane, wala usirudishe matusi. Ukiogopa, nenda na rafiki. Kisha mwambie mwalimu. Kumwombea mwenzako msaada si umbea. Narudia: mwenzako akizomewa, usinyamaze.

Nawe mzazi, uwe Kayanga, Nkwenda au Murongo, jioni usiulize alama za mtihani peke yake. Muulize mwanao leo amecheza na nani, na nani alibaki mwenyewe. Akikueleza, msikilize mpaka mwisho. Tafadhali usimwambie, "Hayo hayakuhusu." Yanamhusu sana.

Na kama mtoto anapigwa au anatishwa, na hapati msaada shuleni, piga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Ni bure. Narudia: moja, moja, sita.