Sasisho Likikwama: Hatua za Kufuata Kabla ya Kupeleka Kompyuta kwa Fundi

Mazungumzo kwa wakaazi wa Misikhu kuhusu utunzaji wa kompyuta za nyumbani



Katika nyumba nyingi za Misikhu, kuanzia sokoni hadi kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, kompyuta imekuwa chombo cha kazi kama jembe na cherehani. Ndiyo inayotumika kuwasilisha ripoti ya ushuru kwenye iTax kabla ya tarehe 30 Juni, kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, kutafuta huduma za serikali kwenye eCitizen, kuandika mitihani ya shule na kuweka hesabu za chama. Ikikwama, shughuli za nyumba nzima husimama.

Chukua mfano wa mama ambaye ni mweka hazina wa chama cha wanawake. Jumapili jioni anaikuta kompyuta ikiandika kwamba inashughulikia sasisho, lile ambalo wengi huliita apdeti. Asilimia zinapanda hadi 30, kisha zinasimama. Anasubiri, anachoka, anaizima kwa kubonyeza kitufe. Akiiwasha, inamwambia kwamba inarudisha mambo yalivyokuwa awali. Kesho yake inajaribu tena na kushindwa tena. Kijana wa nyumbani anaibeba hadi kwa fundi mjini. Jioni inarudi ikiwa nyepesi kama mpya, na kweli ni kama mpya: hesabu za chama za miaka 6, picha za matanga ya babu na vyeti vya watoto vimefutika vyote. Fundi hakuiba kitu. Aliweka mfumo mpya kama alivyoagizwa, na hakuna aliyemwambia kwamba mle ndani mlikuwa na mali.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuepukika. Sasisho likishindwa, mara nyingi kompyuta yenyewe haina ubovu. Imekosa nafasi, umeme, mtandao au saa sahihi, na mambo hayo manne mwenye kompyuta anaweza kuyakagua mwenyewe nyumbani bila kulipa shilingi hata moja.

Kwa nini sasisho lisipuuzwe

Kila kompyuta huongozwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani mfumo huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Kampuni hiyo hutoa marekebisho ya usalama kila mwezi, Jumanne ya pili. Kwa saa za Kenya huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Ndiyo maana kompyuta nyingi huanza kuomba kuwashwa upya katikati ya mwezi.

Wako wanaochoshwa na maombi hayo wakaamua kuyazima kabisa. Yaliyotokea mwaka 2017 yanaonyesha hatari yake. Tarehe 14 Machi mwaka huo, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei, wahalifu waliutumia ufa huohuo kusambaza programu iliyoitwa WannaCry, ambayo ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa, na hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Kompyuta zilizokuwa zimekipokea zilikuwa na kinga dhidi ya ufa ule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la kwanza ni nakala

Kabla ya kugusa chochote, ikiwa kompyuta bado inawaka, mwenyewe anakili mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Aanze na vitu ambavyo haviwezi kupatikana tena: hesabu, kumbukumbu za mikutano, picha, vyeti vilivyopigwa skani, kazi za wanafunzi. Kisha aichomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili mbili au tatu kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa haifai kutegemewa.

Kompyuta nyingine zimefungwa kwa ulinzi uitwao BitLocker. Baada ya sasisho, zinaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ni vyema kuutafuta mapema, kuuandika kwenye karatasi na kuuweka pamoja na stakabadhi za nyumba.

Mambo ya kukagua, moja baada ya jingine

La kwanza ni kuwasha upya. Wengi huzima kompyuta kila usiku wakidhani wamemaliza. Lakini tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huacha sehemu ya mfumo imehifadhiwa ili ziwake haraka asubuhi. Anayechagua "Restart" ndiye anayeuanzisha mfumo wote upya. Mara nyingine hilo peke yake hulikwamua sasisho.

La pili ni nafasi. Sasisho kubwa linaweza kuhitaji gigabaiti 20 zilizo wazi kwenye diski C. Kompyuta yenye diski ndogo iliyojaa filamu na nyimbo haiwezi kulipokea. Msimbo wa kosa 0x80070070 ukionekana, maana yake ni hiyo: nafasi haitoshi. Filamu zihamishiwe kwenye diski ya nje, pipa la taka litupwe, na mafaili ya muda yafutwe kupitia "Settings", sehemu iitwayo "Storage". Folda ya mafaili yaliyopakuliwa nayo ikaguliwe, kwa maana humo hujaa mambo yaliyosahaulika.

La tatu ni umeme. Mvua za Bungoma hupenda kunyesha alasiri na jioni, zikiandamana na radi, na stima hupotea ghafla. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ikizimika katikati ya sasisho, mafaili ya mfumo yanaweza kuharibika. Sasisho lifanywe asubuhi kabla mawingu hayajatanda. Laptopu iwe imechomekwa kwenye stima na betri yake ikiwa imejaa nusu au zaidi. Radi ikianza kupiga kabla sasisho halijaanza, lisianzishwe. Asilimia zikisimama wakati taa ya diski bado inapepesa, kompyuta inafanya kazi. Mashine kuukuu inaweza kuchukua saa kadhaa. Kuizima kwa nguvu ndiko kunakoharibu.

La nne ni mtandao. Nyumba nyingi hutumia bando la simu. Sasisho la mwezi linaweza kufikia mamia ya megabaiti, na mara nyingine gigabaiti kadhaa, hivyo bando dogo huisha kabla ya kazi kuisha. Aidha, ikiwa mtu aliwahi kuiagiza kompyuta ihesabu mtandao huo kuwa wa kupimwa ili kuokoa bando, masasisho mengine hayatapakuliwa yenyewe. Yatasubiri idhini. Afungue "Windows Update" na kuangalia kama kuna kitufe kinachosubiri kubonyezwa.

La tano ni saa na tarehe. Hili huwasumbua sana wenye kompyuta za mezani zilizotumika kwa miaka mingi. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo, kama ya saa ya mkononi, ambayo aghalabu ni ya aina ya CR2032. Ikiisha, kila stima inapopotea kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Hapo mtandao salama hukataa kuitambua, sasisho hushindwa, na hata eCitizen inaweza kukataa kufunguka. Mtu huenda akahangaika wiki nzima akidhani ni virusi, kumbe ni betri ndogo tu ya kubadilishwa.

Baada ya hayo, vitu vyote vya ziada vichomolewe, yaani printa, flashi na kamera, kisha sasisho lijaribiwe tena. Misimbo ya kosa inayoanza na 0xC1900101 huashiria kwamba programu ya kuendesha kifaa fulani haielewani na mfumo mpya.

Kosa linapokuwa la sasisho lenyewe

Si kila kosa ni la mwenye kompyuta. Tarehe 9 Januari 2024, Microsoft ilitoa sasisho namba KB5034441 kwa Windows 10. Kwenye kompyuta nyingi lilishindwa na kuonyesha msimbo 0x80070643. Sababu ilikuwa kwamba sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji ilikuwa ndogo mno. Ilihitaji megabaiti 250 zilizo wazi. Kompyuta hizo zilikuwa nzima na ziliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo msimbo unapotokea, uandikwe kwenye karatasi pamoja na namba ya sasisho, kisha utafutwe kwenye tovuti ya Microsoft kabla ya kuchukua hatua nzito.

Kompyuta isipowaka kabisa

Kompyuta ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, Windows kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Humo mna njia ya kurekebisha uwashaji, njia ya kuondoa sasisho la mwisho, na njia ya kurudisha mfumo ulivyokuwa siku za nyuma. Zijaribiwe kwa mpangilio huo. Njia ya "Reset" iwe ya mwisho. Hata pale inapoahidi kutunza mafaili, huondoa programu zilizowekwa na mwenyewe. Anayechagua chaguo la kuondoa kila kitu hupoteza kila kitu.

Maneno ya kumwambia fundi

Iwapo lazima kompyuta iende kwa fundi, iwe ni Webuye, Bungoma au Kitale, mwenyewe aseme mambo matatu waziwazi. Kwanza, mafaili yasifutwe bila ruhusa yake. Pili, fundi ajaribu kwanza kukarabati mfumo uliopo; amri za "sfc /scannow" na "DISM" ziko ndani ya Windows kwa kazi hiyo, na fundi mzoefu anazijua. Tatu, kama ni lazima mfumo uwekwe upya, diski inakiliwe kwanza, na mwenyewe aione nakala kwa macho yake. Hata kompyuta isiyowaka, diski yake kwa kawaida inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Aulize pia kama Windows inayowekwa ni halali. Zile za kuvunjwa kufuli mara nyingine huwekwa huku masasisho yakiwa yamezimwa, na mnunuzi huja kujua baadaye.

Kompyuta zilizozeeka

Liko kundi moja ambalo halitasaidiwa na hatua hizi zote. Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo zinawaka bado, ila hazipati viraka vya usalama, isipokuwa zile zilizojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa upande wa Intel, inakubali kwa sehemu kubwa vichakato vya kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu nyingi za mitumba ni za kizazi cha 4 hadi cha 6, hivyo zitakataliwa hata zikisafishwa namna gani. Anayenunua laptopu iliyotumika aulize kizazi kabla ya kutoa pesa. Aliye nayo tayari anaweza kuweka mfumo wa bure kama Ubuntu au Linux Mint, ambao hukubali mashine nyingi kuukuu na kupokea viraka bila malipo. Hapa pia nakala hutangulia.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu walaghai. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya "Windows Update". Ukurasa wa intaneti unaoruka ghafla ukidai kompyuta imeharibika na kutaka mtu apige simu, alipe au apakue kitu, ufungwe papo hapo. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye ujumbe wa kosa.

Yule mama mweka hazina angekuwa na flashi moja kwenye kabati la vyombo, iliyosasishwa kila mwisho wa mwezi baada ya mkutano wa chama, kompyuta ingefutwa na hesabu zingebaki. Wanachama wangeendelea kujua nani ameweka akiba kiasi gani na nani anadaiwa. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Kila nyumba yenye kompyuta ianze na hiyo leo, kabla sasisho la mwezi halijafika.